Mapenzi ya Bwana na Kibarua: Nani Alikuwa Akipika?

Hili nimelisema darasa baada ya darasa, na leo nalirudia hapa Tanga kwa sababu bado naletewa miswada ileile ya riwaya za kihistoria: mwanamume tajiri kampenda mwanamume maskini, wanakutana gizani, wanalia, basi. Haoshi mtu sahani humo. Halipwi mtu mshahara. Umaskini umekuwa pambo la jalada!

Tuwaangalie watu waliokuwepo kweli. Edward Carpenter, mwandishi Mwingereza na mfuasi wa ujamaa, alizaliwa 1844, akasoma Cambridge, akawa kasisi, akauacha ukasisi 1874. Baba yake alipofariki alirithi fedha, akanunua ardhi Millthorpe, karibu na Sheffield. Mwaka 1891, akiwa ametoka India na Sri Lanka, alikutana ndani ya treni na George Merrill, kijana wa mitaa ya kimaskini ya Sheffield. Hapo reli yetu ya Tanga haijaanza hata kujengwa, ilianza 1893.

Walipendana. Mwaka 1898 Merrill akahamia Millthorpe, na marafiki wa Carpenter wakapinga. Marafiki wa mjamaa, watu wa kuhubiri usawa! Kijana wa vichochoroni kuketi meza moja na wasomi kukawashinda. Merrill akabaki. Alipika, alifagia, alipokea wageni. Carpenter aliandika vitabu. Sasa niambieni: mwenzi au mtumishi? Naona mnakimbilia kujibu mwenzi. Subirini kidogo.

Siku moja mhubiri alifika pale na vijikaratasi vya dini. Merrill akavikataa. Mhubiri akamuuliza kama hataki kuijua njia ya kwenda mbinguni. Merrill akamjibu kwamba hapo walipo ndipo mbinguni, hawahitaji pazuri zaidi, aende zake. Mnacheka, na mimi kila nikikisimulia kisa hiki nafurahi. Lakini tumekipata wapi? Kwa Carpenter. Yeye ndiye aliyekiandika na kukichapisha. Yule aliyesimama mlangoni akasema, tunamsikia kupitia kalamu ya mwenye nyumba. Hata furaha yake imetufikia kwa hisani ya mwenzake! Mwandishi asiyeliona hilo asiniletee riwaya ya kihistoria.

Najua mtaniambia mapenzi hayachagui. Sawa, hayachagui. Lakini wapendanao wanalala kwenye nyumba ya mtu, na mtu huyo anaweza kumfukuza mwenzake usiku huohuo. Nendeni Raskazone, hapahapa Tanga, mkaziangalie zile nyumba kubwa za wakoloni, kisha mzunguke uani, kwenye vibanda vya maboi. Ukiandika kwamba bwana alimpenda boi wake, niambie kwanza: boi alikuwa na uwezo wa kukataa? Carpenter na Merrill waliishi pamoja miaka 30, na wamezikwa kaburi moja Guildford. Naamini walipendana kwa dhati. Ndiyo maana swali la nyumba linaniuma zaidi.

Na ninyi mnaonong'ona kwamba mada hii haifai mji wa dini na adabu, nawaheshimu, ila waliokwisha kuishi hatuwezi kuwafuta. Sheria ya Uingereza ya 1885 iliwafunga wanaume waliopendana kama hawa. Mwandishi Oscar Wilde alipata kifungo cha miaka miwili na kazi ngumu mwaka 1895, na kabla ya hapo wakili alimbana mahakamani: mtu wa hadhi yake anakula chakula na mtumishi na mtunza farasi kwa lipi? Tabaka nalo lilipandishwa kizimbani siku ile.

Muda unanibana. E. M. Forster, mwandishi wa riwaya Mwingereza, alifika Millthorpe 1913, akatoka na riwaya ya wanaume wawili wapendanao, mmoja wa tabaka la kati na mwingine mlinzi wa wanyama katika shamba la bwana mkubwa. Ilichapishwa 1971, mwenyewe ameshafariki. Ya wanawake tutayazungumza siku nyingine.

Mnaoandika Tanga ya mkonge, nataka ukurasa mmoja tu: mtumishi anazungumza, bwana hayumo chumbani. Haya, maswali.