Meli ya Waswidi iliyotua Maputo wakati wa vita

Haya ndugu zangu, habari za huko nyumbani! Leo niko Göteborg, na huo mvumo mnaousikia ni upepo wa huku, mnivumilie tu. Gati hili nyuma yangu ni Stigbergskajen. Hapa ndipo Waswidi walipokuwa wakipandia meli za kwenda Marekani.

Zamani safari yenyewe ilikuwa ya kuungaunga. Unapanda meli hapa mpaka Hull, Uingereza, unashika treni hadi Liverpool, ndipo upande meli kubwa ya Waingereza uvuke Atlantiki. Na watoto, na masanduku, yote hayo! Mwaka 1915 kampuni yao wenyewe, Swedish American Line, ikaanza safari za moja kwa moja hadi New York.

Sasa, kati ya meli zao zote, iliyonikosha mimi ni Gripsholm ya 1925. Wenzake wakubwa wa Atlantiki wanakwenda kwa mvuke, yeye anakwenda kwa injini za dizeli. Lakini subirini, utamu uko mbele.

Ikaja Vita vya Pili. Uswidi haikuwa upande wowote, kwa hiyo mwaka 1942 serikali ya Marekani ikaikodi meli hii iwarudishe kwao Wajapani waliokwama Marekani, mabalozi na raia. Ubavuni ikaandikwa maherufi makubwa: DIPLOMAT. Usiku, wakati meli nyingine zinajificha gizani, hii inawaka taa kama ukumbi wa harusi, makusudi kabisa, nyambizi zisije zikakosea.

Na walikwenda kuwabadilisha na Wamarekani waliokwama Asia wapi? Lourenço Marques, yaani Maputo! Msumbiji ilikuwa chini ya Wareno, nao hawakuwa vitani. Julai 1942 Gripsholm ikafunga gati. Kutoka Asia zikaja meli mbili, Asama Maru na Conte Verde, zimejaa Wamarekani. Karibu watu 1,500 kila upande, hawa wanashuka, wale wanapanda. Nomura, balozi wa Japani aliyekuwa Washington siku Wajapani wanaipiga Pearl Harbor, kambi ya wanamaji wa Marekani, alishukia hapo. Grew, balozi wa Marekani aliyetoka Tokyo, akapanda.

Vita vilipokwisha ikarudia abiria wake wa kawaida, ikauzwa kwa Wajerumani 1954, na 1966 ikakatwa vyuma chakavu.

Majina ya mabalozi tunayo. Makuli waliobeba mizigo yao je? Mwenye mzee wa Maputo aliyewahi kusimulia, aniandikie hapo chini.