Bizari Iliyodaiwa Kuwa na Lozi

Mwenyekiti, walimu wenzangu, na nyinyi wanafunzi mliokubali kukaa ndani saa hizi za joto, asanteni. Nimeombwa nizungumzie jinsi maabara inavyogundua lozi, karanga au korosho zilizojificha kwenye chakula. Mbinu ni nyingi na vitabu mnavyo. Mimi nitashika kesi moja tu ya Uingereza, kwa sababu ndani yake vipimo vilipingana na wataalamu wakalazimika kuulizana wanapima nini hasa.

Mapema mwaka 2015 kampuni moja ya viungo ya Uingereza iliondoa sokoni bizari nyembamba ya kusaga, hii ambayo Wakenya huiita jira na Wazanzibari uzile. Vipimo vilionyesha kuna lozi, na lebo haikuitaja. Kipindi hichohicho kule Marekani bizari ilikuwa ikiondolewa madukani kwa sababu ya karanga, ikifuatana na mamia ya bidhaa zilizotiwa bizari hiyo. Maneno yakawa mengi: mavuno ya Gujarat, kule India, yamekuwa hafifu, bei imepanda, wajanja wanachanganya. Hofu hiyo haikuwa ya bure. Januari 2014 mteja mwenye mzio wa karanga wa mkahawa mmoja wa Yorkshire, Uingereza, alikufa baada ya mwenye mkahawa kuacha unga wa lozi na kununua mchanganyiko wa bei nafuu wenye karanga. Mwaka 2016 mwenye mkahawa huyo alihukumiwa kifungo cha miaka 6.

Kipimo kilichoitia hatiani bizari ni elisa. Una kisahani cha plastiki chenye vijishimo 96. Kila kijishimo kimepakwa kingamwili, yaani protini ya kinga inayonasa kitu kigeni, kutoka kwa mnyama, mara nyingi sungura, aliyechanjwa protini ya lozi. Unamimina maji uliyokamulia sampuli, na protini ikiwemo inanaswa. Unaosha. Unaongeza kingamwili nyingine iliyofungwa kimeng'enya, unaosha tena, kisha unatia kemikali isiyo na rangi ambayo kimeng'enya huigeuza kuwa buluu. Tindikali inasimamisha kazi hiyo na rangi inakuwa njano, nayo unaisoma kwenye nanomita 450. Mliowahi kupima sumukuvu kwenye mahindi kwa elisa mmeshazoea kisahani hiki, ila msichanganye: kwa sumukuvu rangi hufifia sumu inapozidi, hapa kwa lozi njano ikikolea ndiyo protini imezidi.

Sasa, kingamwili haisomi jina la mmea. Inashika umbo la kipande cha protini, kama mtu anayekujua kwa sura tu, akikutana na mdogo wako njiani akamwita kwa jina lako. Na lozi ina ndugu wengi. Iko kwenye jenasi ya Prunus pamoja na aprikoti, pichi, plamu na cheri.

Uingereza ina utaratibu mzuri ambao ninautamani kwetu. Wachunguzi wakipingana kuhusu sampuli ya chakula, sehemu ya sampuli iliyohifadhiwa hupelekwa kwa Mkemia wa Serikali, ambaye wakati huo maabara yake ilikuwa Teddington, naye ndiye mwamuzi. Kazi hiyo ya uamuzi ofisi yake imeifanya tangu 1875. Bizari ikafika huko. Elisa ikarudiwa, na kweli ikawaka. Wakajiuliza: ni lozi, au ni ndugu yake?

Walimshuku mahalebu, Prunus mahaleb, cheri ndogo ya porini ambayo kiini cha kokwa yake husagwa na kutiwa kwenye mikate na vitafunio vya Uturuki, Ugiriki na nchi za Kiarabu. Walipoweka mahalebu safi kwenye elisa ya lozi, kipimo kikasema lozi. Hapo ikabidi kuacha protini na kwenda kwenye vinasaba. PCR hunakili kipande kimoja cha DNA mara mbili kila mzunguko, mizunguko 40 hivi, hadi kionekane. Kwa mahalebu hakukuwa na kipimo tayari, kwa hiyo wakakitengeneza kesi ikiwa inaendelea. Jambo hilo ndilo linalonifanya niiheshimu maabara ile kuliko mashine zake zote.

PCR nayo ina upofu wake. Inaona DNA, na DNA haimdhuru mtu yeyote. Inayodhuru ni protini. Ndiyo maana wakaongeza mbinu ya tatu, spektrometa ya masi. Protini hukatwa kwa tripsini, kimeng'enya kinachokata baada ya lisini na ajinini, kisha mashine inapima uzito wa vipande na kuvivunja ili kuthibitisha mpangilio wake. Wakatafuta vipande vilivyomo kwenye lozi na havimo kwenye mahalebu, na kinyume chake. Jibu likatoka: ile bizari ilikuwa na mahalebu, si lozi. Mwaka huohuo agizo la kuiondoa sokoni likafutwa. Na kwa maoni yangu hata hadithi ya wajanja, kwa bizari ile, ililegea, maana mahalebu ni kiungo cha bei. Nani atachakachua rahisi kwa ghali?

Wengi huishia hapo wakisema elisa ilikosea. Mimi siishii hapo. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walichapisha kwamba kingamwili za IgE, zile zinazoamsha mzio, kutoka kwenye damu ya wagonjwa wa mzio wa lozi nazo zinaitambua mahalebu. Yaani mwili wa mgonjwa unaweza kufanya "kosa" lilelile la kisahani. Sheria inauliza: je, ni lozi? PCR na spektrometa zinaijibu sheria. Mwili unauliza: je, umbo hili nalijua? Elisa, pamoja na lawama zake zote, inauliza swali linalofanana na la mwili. Kushikwa na kingamwili hakumaanishi mtu ataugua, hilo linahitaji daktari, lakini mahalebu haimo kwenye orodha ya Ulaya ya vizio 14, yaani vyakula vya kuleta mzio ambavyo lazima lebo ivitaje, na mzazi wa mtoto mwenye mzio hana lebo ya kumsaidia.

Kuhusu namba nitapita haraka. Kwenye ripoti angalieni kipimo ni cha karanga nzima au cha protini yake. Protini ni kama robo ya karanga, hivyo miligramu 10 za karanga kwa kilo na miligramu 2.5 za protini kwa kilo ni kitu kimoja. Kisha angalieni mtu anakula kiasi gani. Wataalamu wa FAO na WHO, mashirika ya chakula na afya ya Umoja wa Mataifa, mwaka 2021 walipendekeza dozi ya rejea, yaani kiasi ambacho wengi wenye mzio hawatarajiwi kudhurika nacho, ya miligramu 1 ya protini kwa lozi na 2 kwa karanga. Bizari yenye miligramu 100 za protini kwa kilo inatisha kwenye karatasi, lakini ukila gramu 2 umepata miligramu 0.2. Biskuti zenye kiwango hichohicho, gramu 50 tu, zinakupa 5.

Na chokoleti, wanangu, ni fitina. Polifenoli zake, kemikali za asili za kakao, zinashika protini ya karanga isitoke kwenye sampuli, nanyi mtaandika "haikuonekana". Ongezeni unga wa maziwa yasiyo na mafuta kwenye maji ya kukamulia, polifenoli zishike hiyo badala yake. Isipokuwa kama mnapima maziwa, bila shaka.

Kwenye meza ya nyuma kuna vijiti vya kipimo cha haraka, teknolojia ileile ya kile cha malaria. Kila kundi lichukue siagi ya karanga, liipime kama ilivyo, kisha liipime ikiwa imezimuliwa mara 1,000. Protini ikizidi mno, kingamwili zote mbili, ya mstarini na ile yenye rangi, hushiba kila moja upande wake na mstari unaweza kufifia au kukosekana, kana kwamba hakuna karanga. Andikeni mnachokiona kabla ya kuulizana, halafu tutasomeana.