Xfce Umeiweka, GNOME Bado Ndiyo Inafunguka

KABULA: Mwangaluka, popote unapotusikilizia. Leo tunaingia moja kwa moja kwenye swali, maana lina kichwa na miguu. Limetoka Nansio, kisiwani Ukerewe. Ndugu yetu ana steshenari, ana kompyuta kadhaa za mtumba, kaziondolea Windows 10 na kuweka Debian, mfumo endeshi wa familia ya Linux. Debian ikaja na eneokazi la GNOME, yaani madirisha na menyu unazoziona kwenye skrini, mashine zikawa zinaburuza miguu. Akaambiwa Xfce, eneokazi jingine, ni nyepesi, akaiweka. Sasa anaandika hivi: "Kila nikiwasha, GNOME ile ile. Hiyo Xfce imeenda wapi?"

MASANJA: Ipo humo humo, haijaenda popote. Lakini kwanza nimpe hongera. Microsoft walifunga huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na hizi mashine za mtumba nyingi hazina sifa za kupanda Windows 11. Watu wanaambiwa wanunue mpya. Kwa pesa gani?

KABULA: Anasema hakukaa tu. Alipata maelekezo, akafungua teminali, lile dirisha la kuandikia amri, akaandika:

sudo update-alternatives --config x-session-manager

Ikatoka orodha yenye namba, akachagua startxfce4, akabonyeza Enter, akawasha upya. GNOME.

MASANJA: Na hapo ndipo wengi wanapokwama, kwa sababu amri yenyewe si ya uongo. Inafanya kazi yake, ila inasikilizwa pale tu ambapo hakuna mwingine aliyekwisha kutoa jibu. Sasa kwenye mashine yake jibu lilishatolewa zamani. Debian ikiwa na GNOME, skrini ile ya kuchagua jina na kuandika nywila inaendeshwa na programu inaitwa GDM. Hiyo GDM inapekua folda mbili, /usr/share/xsessions na /usr/share/wayland-sessions, inaona maeneokazi gani yamewekwa. Halafu, na hili ndilo kubwa, inaangalia mtumiaji mwenyewe: huyu mara ya mwisho aliingia na nini? Alichotumia ndicho anachopewa.

KABULA: Kama mama lishe wa pale Mwaloni. Ukishakuwa mteja wake wa siku zote hakuulizi, anakuletea ugali na sangara wako. Ubao wa leo auandike anavyotaka.

MASANJA: Ubao unasomewa mgeni. Na ndiyo maana ya chaguo-msingi kwenye Linux: ni jibu la mtu ambaye bado hana historia. Huyu ndugu yetu kabadilisha ubao, akashangaa sahani yake haijabadilika.

KABULA: Afanyeje sasa?

MASANJA: Njia fupi haina hata amri. Atoke kabisa mpaka kwenye skrini ya kuingilia. Abonyeze jina lake, lakini asiandike nywila kwanza. Atazame chini upande wa kulia, kuna alama ya gia. Aibonyeze, itamletea orodha: GNOME, pengine GNOME ya aina mbili au tatu, na Xfce Session. Achague hiyo, ndipo aandike nywila. Akishaingia, kumbukumbu yake imebadilika. Kesho akiwasha ni Xfce.

KABULA: Watu hawaioni hiyo gia.

MASANJA: Hawaioni kwa sababu haipo mpaka uchague jina. Na ukishachagua jina, mkono unakimbilia nywila.

KABULA: Basi kipindi kimekwisha, wasikilizaji, tukutane wiki ijayo.

MASANJA: Ngoja, dada. Ingekuwa mashine yake ya nyumbani, ndiyo, tungefunga. Lakini hii ni steshenari. Kasema mashine za wateja zinaingia zenyewe, bila nywila. Na nadhani najua kwa nini.

KABULA: Umeme.

MASANJA: Umeme. Ukikatika na kurudi, hutaki kuzunguka kila mashine ukiandika nywila huku kuna mtu anasubiri kuchapisha barua ya maombi ya kazi. Sasa mashine inayojiingia yenyewe haikuonyeshi ile skrini, kwa hiyo gia huioni milele. Dawa ni ile ile: utoke kwa hiari, skrini itakuja, uchague Xfce mara moja. Ikishakumbuka, hata ikijiingiza yenyewe itaingia huko.

KABULA: Hiyo kumbukumbu inakaa wapi? Maana mimi napenda kuona kitu kwa macho.

MASANJA: /var/lib/AccountsService/users/ halafu jina la mtumiaji. Ni faili la maandishi mafupi tu. Ukilifungua kwa sudo, yaani kwa mamlaka ya msimamizi wa mashine, utakuta mstari unaoanza Session=, au XSession= kwenye matoleo ya zamani. Pale pakiwa na gnome, unaandika xfce, unahifadhi, unawasha upya. Ukiwa na akaunti nyingi kwenye mashine moja, hii ni haraka kuliko kuingia kila moja.

KABULA: Umesema xfce, herufi ndogo. Si Xfce4, si "Xfce Session"?

MASANJA: Swali zuri, na limewatesa watu. Jina linaloandikwa ni jina la faili lililomo kwenye zile folda mbili, ukiondoa mkia wa .desktop. Usikisie. Andika ls /usr/share/xsessions uone. Kwenye Debian ya kawaida utakuta xfce.desktop, kwa hiyo unaandika xfce. Kwenye Xubuntu, Linux nyingine inayokuja na Xfce, utakuta na xubuntu. Na watu wa KDE, wenye eneokazi la Plasma, ndio waangalie zaidi: kuna njia mbili za kuchora skrini, X11 ya zamani na Wayland mpya, na kwenye Debian 12 jina plasma lilikuwa la ile ya X11. Debian 13 imekuja na Plasma 6, jina plasma sasa ni la Wayland, na ya X11 inaitwa plasmax11. Ukinakili maelekezo ya miaka mitatu nyuma unajikuta kwingine kabisa.

KABULA: Mimi ningekuwa yeye ningehama GDM.

MASANJA: Hata mimi, kwa biashara ya namna ile. LightDM, programu nyingine ya skrini ya kuingilia, ni nyepesi na mipangilio yake inasomeka. Unaweka:

sudo apt install lightdm

Katikati ya usakinishaji itakuuliza nani awe msimamizi wa kuingia, GDM au LightDM. Ukipitiliza bila kusoma, unaiita tena kwa sudo dpkg-reconfigure lightdm. Halafu unafungua /etc/lightdm/lightdm.conf, unashuka mpaka kifungu kilichoandikwa [Seat:*], unaweka mistari hii bila alama ya reli mbele yake:

user-session=xfce
autologin-user=mteja
autologin-session=xfce

Huo wa kwanza ni wa wageni wasio na kumbukumbu. Huo wa tatu ndio unaoshika mashine inayojiingia yenyewe. Badala ya "mteja" unaweka jina la akaunti yako. Na isiwe akaunti yenye sudo, tafadhali. Mteja aliyekuja kuchapisha CV hana haja na sudo.

KABULA: Na ile amri yake ya kwanza, ya update-alternatives?

MASANJA: Hapa sasa ndipo ingemfaa. Kwenye LightDM ya Debian kuna chaguo linaitwa Default Xsession. Ukiingia kwa hilo, mfumo unatazama kama una faili la .xsession nyumbani kwako. Likikosekana, unafuata x-session-manager, kile alichokichagua. Alikuwa na ufunguo sahihi, akaupeleka mlango wa jirani.

KABULA: Nikuulize la pembeni. Kwa nini Debian wenyewe wasitupe Xfce tangu mwanzo, tukapumzika?

MASANJA: Walijaribu. Mwaka 2013, wakiandaa Debian 8, waliiweka Xfce iwe chaguo-msingi. Mwaka 2014 wakarudi GNOME, na toleo lenyewe likatoka 2015 likiwa na GNOME. Mojawapo ya sababu ilikuwa watu wasioona: visaidizi vya kusomewa skrini vilikuwa vimekomaa zaidi upande wa GNOME.

KABULA: Hapo siwezi kubisha. Mtu asiyeona hawezi kwenda kutafuta gia chini kulia. Mimi na wewe tunaweza.

MASANJA: Na kusema haki, Debian haimlazimishi mtu. Wakati wa kusakinisha kuna ukurasa wenye orodha ya maeneokazi na visanduku. Unatoa alama kwenye GNOME kwa spacebar, unaweka kwenye Xfce, basi. Watu wanabonyeza Enter kwa Enter mpaka mwisho.

KABULA: Akitaka kuhakikisha yuko wapi? Maana mandhari za siku hizi zinafanana.

MASANJA: Afungue teminali:

echo $XDG_CURRENT_DESKTOP

Ikijibu XFCE, amefika.

KABULA: Na swali lake la mwisho: aifute GNOME apate nafasi?

MASANJA: Asiwe na haraka. Atumie Xfce kwanza wiki mbili tatu, aone printa na kila kitu vinaitika. Siku ya kufuta, apt, ile programu ya kuweka na kuondoa vifurushi, itampa orodha ya vitakavyoondoka, na autoremove, amri yake ya kufagia mabaki, nayo itamletea yake. Asome mstari kwa mstari kabla ya kubonyeza Y. Akiona NetworkManager, programu inayounganisha mashine na intaneti, kwenye orodha hiyo, ajibu hapana. Kama aliweka kifurushi cha xfce4 peke yake, hiyo NetworkManager inaweza kuhesabiwa kuwa haina mwenyewe, ikaondoka na GNOME.

KABULA: Halafu uanze kutafuta intaneti ya kushushia programu ya kukupa intaneti.

MASANJA: Uko Nansio, feri imeshaondoka. Aandike kwanza sudo apt install task-xfce-desktop, ndipo afikirie kufuta.

KABULA: Ndugu yetu, umesikia. Utuandikie ile echo imejibu nini.