Jeni ya Utotoni Haijafa

Ndugu zangu, nianze na mtoto mchanga. Mliokwisha kunisikia mnivumilie, maana hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Mtoto wa selimundu, sikoseli kama mnavyoiita nyumbani, anazaliwa na kosa lake tayari: herufi moja tu katika jeni ya hemoglobini, protini ya seli nyekundu inayobeba oksijeni. Mbona basi ananyonya, anacheka, ananenepa? Miezi 6 hivi ikipita ndipo vidole vinavimba na usiku halali. Mwaka 1948 Janet Watson, daktari wa watoto kule Brooklyn, aliona kwamba seli nyekundu za wachanga hawa hazigeuki mundu kwa wingi. Akawaza kuwa hemoglobini waliyotoka nayo tumboni ndiyo inayowakinga.

Hemoglobini hiyo ina jeni yake, jirani na ile yenye kosa, kwenye kromosomu ya 11. Mtoto akishazaliwa, mwili unaifunga polepole. Unaifunga tu, hauifuti! Kila mmoja humu ukumbini anayo. Anayeigongea mlango ni dawa iitwayo haidroksiyurea, kimolekuli cha atomu 9: kaboni 1, haidrojeni 4, naitrojeni 2, oksijeni 2. Inazuia kwa muda seli za uboho kujigawa, na uboho ukizinduka unatoa seli nyingi zaidi zilizobeba hemoglobini ya utotoni. Kosa liko palepale. Kilichobadilika ni jeni inayosomwa.

Najua yupo mzazi anayesema moyoni: daktari, hiyo si dawa ya saratani? Ndiyo, hutumika kwa baadhi ya saratani za damu. Ndiyo maana tunapima damu mara kwa mara, seli nyeupe zisishuke mno, na dozi inafuata uzito wa mtoto. Na anayesema malaria ya kwetu itawamaliza watoto hao, asikilize vizuri. Utafiti wa REACH, uliochapishwa 2019, uliwafuatilia watoto 606 Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda. Ukilinganisha na kabla ya dawa, malaria ilipungua kwa takriban nusu, maumivu kwa zaidi ya nusu, na vifo vikapungua. Watoto wetu hao, mbu wetu hao. Mnasubiri ushahidi gani tena?

Muda unanibana. BCL11A ndiyo protini inayoifunga jeni ile; kazi yake hiyo ilijulikana 2008. Tiba ya kuhariri jeni inayoilenga iliidhinishwa Uingereza na Marekani 2023, lakini inataka kemotherapi kali na wodi maalumu. Kidonge kinataka kipimo cha damu na duka la dawa lisiloishiwa. Mama wa pale nyuma, umeinua mkono tangu mwanzo. Uliza.