Stima Iliyopiga Kazi Miaka 85

Habari zenu, watu wangu wa Kanda ya Ziwa na kwingineko! Leo nipo Glasgow, Scotland, ukingoni mwa mto Clyde, hapa panaitwa Broomielaw. Kama umewahi kulala njiani ndani ya MV Victoria ukienda Bukoba, mto huu unakuhusu: meli ile ilitengenezwa Scotstoun, hapo chini tu, ikafunguliwa vipande vipande na kwenda kuungwa Kisumu. Lakini leo nina kikongwe kingine.

Mwaka 1846 ilishushwa majini stima ya chuma iliyoitwa Mary Jane. Mwenye nayo alikuwa James Matheson, tajiri aliyechuma kwa biashara ya kasumba kule China, kisha mwaka 1844 akanunua kisiwa cha Lewis, kaskazini-magharibi mwa Scotland. Ndiyo, kisiwa, na watu wakiwa juu yake! Sasa kisiwa kinataka usafiri.

Nyuma haikuwa na pangaboi la kuisukuma. Ilikuwa na magurudumu mawili makubwa ubavuni, yenye vibao vinavyochapa maji, na yote mawili yakizungushwa na injini ya silinda moja tu. Injini ya namna hiyo ina visa. Ikisimama pistoni ikiwa juu kabisa au chini kabisa, mvuke hausukumi kitu. Mafundi inabidi waizungushe kwa mitaimbo. Na hapo gati liko mbele yenu, nahodha anapiga kelele.

Bahari ikichafuka, meli inalala upande: gurudumu moja linazama, jingine linapiga hewa, usukani unakuwa vita. Lakini kwa mwambao wa visiwa, stima hizi zilifaa sana. Zilielea kwenye maji machache, zilisimama haraka, zilirudi nyuma haraka. Kituo baada ya kituo: abiria, barua, magunia ya unga, kondoo, ng'ombe, mapipa ya samaki wa chumvi. Pasipo na gati, mashua ilikuja kwa makasia mpaka ubavuni, unashuka na mzigo wako, mvua inakunyeshea. Mvua ya huku naijua, jamani, tusiongee.

Mwaka 1875 ikafanyiwa ukarabati mkubwa na kupewa jina Glencoe. Mwaka 1878 ikaja Columba, meli ya fahari yenye posta na kinyozi ndani. Watalii wakakimbilia huko. Glencoe ikabaki na njia za kazi, na miaka yake ya mwisho ilikuwa ikipokea abiria na barua za treni kwenye bandari za Kyle na Mallaig, kuzipeleka Portree, kisiwani Skye. Mimi nadhani ndicho kilichoiponya: injini nyepesi kuielewa, na kazi ambayo hakuna aliyeigombania.

Mwaka 1931 ililetwa hapa Broomielaw, ikafungwa kando ya Lochfyne, meli mpya kabisa ya dizeli na umeme, watu wapande wazione zote mbili. Injini ya Glencoe ilikuwa ileile ya 1846. Mwaka huohuo ikauzwa chuma chakavu.

Ukija huku kiangazi, panda Waverley, iliyoshushwa majini mwaka 1946. Ina magurudumu ubavuni na bado inabeba abiria baharini. Shuka chini, wanakuruhusu kuitazama injini ikifanya kazi. Hiyo ina silinda tatu, kwa hiyo mitaimbo hamtaiona.