Mfamasia, daktari na karatasi moja ya makubaliano

Haya wenzangu, muda hautoshi kwa iyo naingia moja kwa moja. Leo tunaongelea zile sheria za Marekani zinazoruhusu mfamasia na daktari kuwekeana makubaliano ya maandishi, yaani daktari ashapima, ashasema ugonjwa ni huu, basi mfamasia anaendelea na dawa, anaongeza dozi, anapunguza, anaagiza vipimo, bila kuomba ruhusa upya kila mara. Mimi msimamo wangu ni kwamba sheria ikijaza masharti mengi hapa inaua kitu kilekile inachotaka kukijenga, na ntawaonyesha kwa nini.

Chukueni mgonjwa wa wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande ovyo. Anameza kidonge cha miligramu 5 kila siku, 35 kwa wiki, INR yake, yaani kipimo cha damu inachukua muda gani kuganda, inatakiwa iwe kati ya 2 na 3, leo kapimwa imesoma 3.8. Damu inachelewa kuganda kupita inavyotakiwa, akivuja ndani ni hatari. Mfamasia anamuuliza, fizi zinatoka damu? umeanza dawa yoyote mpya? umemeza mara mbili kwa kusahau? Yote hapana. Bila makubaliano anapiga simu, daktari yuko na mgonjwa mwingine, anaacha ujumbe, jioni inafika na mgonjwa ashaondoka na dozi yake ileile. Makubaliano yakiwepo anashusha mpaka 32.5 kwa wiki, yaani siku moja anameza nusu kidonge, anampa tarehe ya kurudi kupima, anaandika kwenye faili na daktari anaona alichofanya. Na jamani hapa watu wanachanganya sana, mfamasia hajampima ugonjwa wala hajamnyang'anya daktari mgonjwa wake, amefanya kile walichokubaliana kabla.

Sasa sheria. Jimbo la Washington ndo lilitangulia, 1979, na walichofanya ni kuingiza kwenye maana yenyewe ya kazi ya ufamasia kwamba mfamasia anaweza kuanzisha au kubadili dawa kwa kufuata mwongozo wa maandishi ulioidhinishwa na mtu mwenye mamlaka ya kuandika dawa. Basi, ugonjwa gani, dawa gani, hayo wakaachiwa wenyewe wawili. Na kwa sababu waliachiwa, 1998 wafamasia wa Washington walianza kutoa vidonge vya dharura vya kuzuia mimba kupitia makubaliano hayohayo, mwanamke anaingia famasi anahudumiwa bila kwanza kutafuta daktari, wakati serikali kuu ilikuja kuruhusu viuzwe bila cheti 2006, tena kwa watu wazima tu. Hakuna mbunge wa 1979 aliyefikiria jambo hilo, ila sheria yake ililibeba.

New York nao walipoanza, 2011, wakafungia kwenye hospitali za kufundishia tu na mgonjwa lazima akubali kwa maandishi. Kukubali kwa mgonjwa sina neno nako, ni haki yake. Ila mgonjwa wa presha anayeenda famasi ya mtaani kila mwezi, anayemjua mfamasia wake kwa jina, sheria hiyo ilimwacha nje kabisa, na huyo ndo tunamtaka.

New Mexico tangu 1993 na North Carolina tangu 2000 wana ngazi maalum ya mfamasia aliyeongezewa mafunzo, nayo ni njia nzuri, ila isiwe ndo mlango pekee, maana wanaofika huko ni wachache.

Kinachoniuma zaidi ni malipo. Jimbo linakuruhusu kufanya kazi, halafu Medicare, ile bima ya serikali ya wazee, kwenye sehemu yake ya B, ile inayolipia huduma za madaktari na kliniki, haimtambui mfamasia kama mtoa huduma, kwa hiyo ile kazi ya INR niliyowaeleza inabidi idaiwe kupitia kwa daktari, na mara nyingi kwa kiwango cha chini kabisa cha malipo. Muswada wa kurekebisha hili umepelekwa kwenye Bunge la Marekani tangu 2014, ukarudishwa tena na tena, haujapita. Matokeo yake kuna famasi zina ruhusa yote ya kisheria na bado hazifanyi, mwenye famasi akipiga hesabu anaona mfamasia wake akikaa nusu saa na mgonjwa hakuna anayemlipa kwa hiyo nusu saa.