Nyumba zinazorudi sokoni: mazungumzo kuhusu mji wa wastaafu wa The Villages, Florida

Shikamooni wazee wangu, na nyie wengine habari za mchana. Asanteni kwa kuja, najua wengi mmetoka shifti ya usiku na hamjalala. Mmeniomba niongelee nyumba za wastaafu, basi sitaongelea Marekani nzima, naongelea The Villages, hapa Florida, kama saa moja hivi kwa gari kutoka Orlando, maana pale nimehudumia wazee majumbani kwao miaka mingi kabla sijaanza kazi ya udalali.

Pale palikuwa na nyumba zile za kuvutwa na lori, mzee Harold Schwartz na mwanae Gary Morse ndo wakapageuza kuanzia miaka ya 1980. Sensa ya 2010 kaunti ya Sumter, ambako sehemu kubwa ya mji huu ipo, ilikuwa na watu 93,420, ya 2020 wakawa 129,752, ongezeko la asilimia 39 hivi, na kwa miaka hiyo kumi hakuna eneo la mji Marekani lililokua haraka kama lile. Sasa watu wakisikia hivyo wanadhani nyumba yoyote pale ni dhahabu. Sio hivyo jamani.

Stoki ya pale, yaani nyumba zinazouzwa, ipo ya aina mbili na zinagombania mnunuzi yuleyule. Kuna mpya, developa, yaani kampuni inayojenga mji, anazidi kushuka kusini, kule chini ya barabara ya 44, halafu kuna zilizokwishakaliwa, na zile kongwe kongwe zipo kaskazini ya barabara ya 466. Na hata hizo zilizokaliwa hazipo kwenye orodha moja, wauzaji wa developa wana orodha yao na madalali wa nje wanatumia ile MLS, orodha ya pamoja ya madalali, kwa hiyo ukifungua simu ukaona nyumba chache usiseme stoki imekauka, umeona nusu ya duka.

Na kuna kitu naomba mkielewe vizuri. Mtaa wa kawaida mtu anauza kwa sababu kapata kazi kwingine au familia imekua, soko likiwa baya anasubiri. Mji wa wazee hausubiri. Mwenye nyumba amefariki, au kahamia kwenye nyumba ya matunzo, au mjane kaamua arudi Ohio karibu na wajukuu. Nyumba inaingia sokoni iwe riba ipo juu iwe ipo chini, na kadiri mtaa unavyozeeka ndivyo zinavyoingia nyingi kwa mpigo, maana majirani walihamia pamoja wakiwa na umri mmoja.

Kuna bibi mmoja nilikuwa namhudumia, mumewe alipofariki akataka kuuza. Naingia gereji nakuta kigari cha gofu cha marehemu bado kimechomekwa chaji, miezi minne, hajataka kuchomoa. Dalali wake akamwekea bei sawa na nyumba mpya za kusini. Ikakaa. Wateja wanakuja, wanaangalia juu, paa lina miaka 17, na Florida paa likishavuka miaka 15 hivi kampuni za bima zinaanza maswali, wanaondoka. Akashusha bei mara mbili, inauma sana kumuona mtu wa umri ule anashusha bei ya nyumba aliyozeekea na mumewe. Halafu siku moja natoa karatasi kwenye droo naona bondi ilishalipwa yote, na kwenye tangazo hakuna aliyeiandika!

Bondi ni nini. Barabara, mabomba na mifereji ya mtaa ilijengwa kwa mkopo uliochukuliwa na wilaya maalum ya maendeleo, deni likagawanywa kwa kila kiwanja, na unalilipa kila mwaka kwenye bili moja na kodi ya mali. Deni linafuata nyumba, halikufuati wewe. Nyumba mpya inakuja na bondi nzima juu ya bei yake, ya zamani inaweza isiwe na hata senti. Nyumba mbili bei moja, moja ina deni la bondi moja haina, hizo sio bei moja. Yule bibi tangazo lilipoandikwa upya, paa likabadilishwa, nyumba ikaondoka, lakini miezi ilikuwa imeshapotea.

Kupima stoki ni hesabu ya kawaida tu, tuseme nyumba 300 zipo sokoni na kwa mwezi zinauzwa 50, hiyo ni stoki ya miezi 6, wengi wanaihesabu kuwa mizani iko sawa. Ikizidi hapo mnunuzi ndo mwenye nguvu. Ila hesabu aina kwa aina, vila ndogo usiichanganye na nyumba kubwa ya uwanja wa gofu.

Riba nayo. Mkopo wa miaka 30 ulikuwa asilimia 2.65 Januari 2021, Oktoba 2023 ukafika 7.79. Mtaniambia wazee wananunua kwa keshi, ndiyo, lakini keshi hiyo wengi wanaipata wakiuza nyumba yao ya majimbo ya kaskazini, na kule kijana wa kuinunua ndo anayehitaji mkopo. Akikwama yeye, mzee wa Michigan naye anakwama, na muuzaji wa Florida anakaa anasubiri simu.

Kodi, haraka haraka: ukiishi kwenye nyumba yako kama makazi yako ya kudumu hapa, thamani yake inayotozwa kodi ya mali haiwezi kupanda zaidi ya asilimia 3 kwa mwaka, lakini nyumba ikiuzwa hesabu inaanza upya. Bili ya muuzaji sio bili yako.

Ndiyo dada, umeuliza watoto wakirithi. Mji ukitaka kuwa wa wazee tu, sheria ya Marekani ya 1995 inataka angalau asilimia 80 ya nyumba zinazokaliwa ziwe na mtu wa miaka 55 au zaidi, na kwenye mitaa mingi ya The Villages mtoto wa chini ya miaka 19 anatembelea tu, haishi. Mwanao mwenye watoto wadogo atarithi nyumba yenyewe, kuishi humo na wanae hapana. Mara nyingi atauza, na wa kumuuzia kwa kawaida ni mtu wa umri wako wewe, sio wa umri wake.